Kipimo cha Kutosha: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Vichache na Kuwapo Hapa Ulipo

Neno "kukinai" lina maana mbili, na zote mbili zinatuhusu hapa. Aliyekinai ni mtu aliyeridhika na alicho nacho, asiyehangaishwa na cha mwenzake. Lakini tunasema pia kwamba mtu amekinai pale anapokula kitu kupita kiasi mpaka kikamchukiza, hataki hata kukiona. Neno moja limebeba kutosheka na kuchoshwa. Kinachozitenganisha hali hizo mbili ni kipimo: kikipitwa, utamu uleule unageuka kero.

Nimeishi pande zote mbili. Kuna miaka niliyokuwa na kabati lisilofungika, kalenda isiyo na siku tupu, na akili inayokaa kesho siku zote. Nikaambiwa nitafute utulivu. Nikakaa kitako, nikafumba macho, nikahesabu pumzi, na sikufua dafu. Kila nikifumba macho vinakuja vyote kwa pamoja: barua ambayo sijaijibu, viatu nilivyonunua na sijavivaa, mkutano niliokubali kwa aibu ya kukataa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilianzia mwisho. Kila kitu unachomiliki, kila ahadi uliyotoa na kila jambo uliloliacha nusu vinachota kwenye mfuko mmoja, nao ni umakini wako. Mfuko ukishakauka, hakuna pumzi itakayokurudisha hapa ulipo.

Kwa hiyo mwongozo huu unapunguza kwanza, kisha unakaa. Jipe miezi mitatu. Utahitaji daftari dogo, kalamu, na kasha moja tupu lenye mfuniko.

Kabla hatujaanza, niseme jambo moja bila kuzunguka. Kuishi na vichache ni uamuzi wa mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Anayekosa dawa, kodi ya nyumba au chakula cha watoto hana tatizo la kukinai. Ana tatizo la kukosa, na haki yake ni kudai na kutafuta zaidi. Mtu anayekuhubiria kuridhika huku anakudhulumu ujira wako usimsikilize. Haya yafuatayo ni ya yule ambaye vya lazima anavyo, na bado moyo hautulii.

Hatua ya kwanza: jua akili yako inalala wapi

Kwa siku tano, weka kengele ya simu ilie mara tatu kwa siku, katika saa usizozizoea. Ikilia, andika mambo matatu kwenye daftari: mikono inafanya nini, akili iko wapi, na unajisikiaje. Mstari mmoja unatosha. "Napiga pasi. Nawaza maneno ya bosi. Kifua kimebana." Usirekebishe chochote wiki hii, angalia tu.

Wazo hili lina historia. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti uliofanywa kwa njia kama hiyo hiyo: programu ya simu iliwauliza watu wazima 2,250, katika nyakati zisizotabirika, wanafanya nini, wanawaza nini na wana furaha kiasi gani. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ya mtu haikuwa kwenye kile alichokuwa akikifanya. Karibu nusu ya muda! Na watu walikuwa na furaha ndogo akili ikizurura kuliko ikiwa imetulia kwenye kazi iliyopo. Kilichonigusa zaidi ni hiki: hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi ya waliokuwapo palepale walipo. Ndoto nzuri ya mchana haikuwapa kitu ambacho sahani iliyokuwa mkononi isingewapa.

Mwisho wa siku ya tano utakuwa na mistari kama kumi na tano. Isome yote kwa mkupuo. Wengi hukuta akili inarudi kwenye mambo mawili au matatu yaleyale, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Yapigie mstari. Ndiyo yanayokula mfuko wako, na utayahitaji kwenye hatua ya nne.

Hatua ya pili: andika kipimo kabla ya kutamani

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo maana wanasafisha nyumba mwezi wa kwanza na kuijaza tena mwezi wa sita. Mtu asiyejua kiasi kinachomtosha hana pa kusimama. Atapokea tu kipimo cha jirani, cha tangazo, au cha picha aliyoiona usiku.

Mwanafalsafa Epikuro, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 341 KK na kufundisha kwenye bustani yake jijini Athens, aliyagawa matamanio mafungu matatu. Kuna ya asili na ya lazima, kama kula, kuwa na makazi, kuwa na marafiki. Kuna ya asili yasiyo ya lazima, kama vyakula vya anasa. Na kuna yasiyo ya asili wala lazima, kama sifa, cheo na mali isiyo na ukomo. Fungu la kwanza lina mwisho: ukishashiba, umeshiba. Fungu la tatu halina mwisho, na mateso mengi yanatoka humo. Watu humdhania Epikuro kuwa mlafi wa starehe. Ukweli ni kwamba aliwahi kumwomba rafiki kwa barua ampelekee chungu kidogo cha jibini, ili siku akijisikia afanye karamu. Mtu ambaye jibini kidogo kwake ni karamu ameshajua kipimo.

Sasa chukua daftari, ukurasa mpya. Andika maeneo ya maisha yako: nguo, vyombo, kazi, kipato, nyumba, simu, urafiki, mapumziko. Mbele ya kila moja kamilisha sentensi hii: "Inanitosha pale ambapo…" Andika kwa kitu kinachohesabika au kinachoonekana. "Nguo zinanitosha pale ambapo nina za kubadilisha siku kumi bila kufua." "Kazi inanitosha pale ambapo saa kumi na mbili jioni nimefika nyumbani na watoto hawajalala." "Kipato kinanitosha pale ambapo madeni yamelipwa na nina akiba ya miezi mitatu." Maneno mapana kama "maisha mazuri" yafute, kwa sababu hutajua umefika lini.

Kwa nini uandike kabla ya kutamani? Kwa sababu mwili na akili huzoea upesi. Wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell waliandika mwaka 1971 kuhusu mzunguko huu: unapata ulichokitaka, unafurahi, unazoea, na kilichokuwa ndoto jana kinakuwa kawaida leo, kisha unatamani kingine. Unatembea sana na kubaki palepale. Mwaka 1978 Brickman na wenzake wawili walilinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na majirani zao wa kawaida. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa zaidi, na vitu vidogo vya kila siku, kama kuzungumza na rafiki, viliwapa raha pungufu kuliko wenzao. Ni kundi dogo la watu, lisibebeshwe uzito kupita kiasi, lakini linaonya kuhusu gharama isiyoandikwa kwenye risiti: kikubwa kinaweza kukunyang'anya ladha ya kidogo.

Kipimo hichohicho kitumie unapochagua. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu hana muda wala taarifa za kutafuta kilicho bora kuliko vyote, hivyo huchukua cha kwanza kinachofikia masharti aliyojiwekea. Weka masharti matatu kabla hujaanza kutafuta. Ukikipata kinachoyatimiza, chukua na ufunge ukurasa. Usiendelee kuangalia bei na rangi za vile ulivyoviacha.

Hatua ya tatu: droo moja

Usianze na nyumba nzima. Nimeona watu wakimwaga kabati lote kitandani siku ya mapumziko, jioni wakachoka, wakalirudisha lote kama lilivyokuwa na kulala na hasira. Anza na droo moja.

Mimi nilianza na droo ya chini ya meza yangu. Niliitoa kabisa, nikaipindua juu ya shuka. Vilitoka: chaja tatu za simu ambazo sinazo tena, kalamu tisa, risiti zilizofutika wino mpaka zimebaki karatasi nyeupe, betri mbili zilizotoa unga pembeni, saa ya mkono iliyosimama saa nne na dakika ishirini, na funguo nne kwenye pete moja. Kalamu nilizijaribu moja moja, na mbili tu ziliandika. Funguo ndizo zilizonikalisha. Nilizunguka nyumba nzima nikizijaribu kwenye kila kitasa na kila kufuli. Hazikuingia popote. Na bado mkono ulikataa kuzitupa, kwa sauti ile ya ndani inayosema "huenda siku moja". Nilikaa nazo kiganjani, zimepata joto la mwili, nikajiuliza nimebeba swali hili kwa miaka mingapi. Kila nilipofungua droo ile kutafuta kalamu, jicho liliziona, na akili ikajiuliza: za wapi hizi? Swali dogo lisilozidi nusu sekunde, lakini limeulizwa mamia ya mara.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kinavyochota umakini hata kikiwa kimelala.

Utaratibu ni huu. Toa kila kitu, pangusa droo ibaki tupu. Shika kitu kimoja kimoja mkononi, usiamue kwa macho tu. Jiulize: nimekitumia mwaka huu? Kikipotea leo, nitakitafuta? Kama nisingekuwa nacho, ningetoka kwenda kukinunua? Chenye "ndiyo" angalau mbili kinarudi. Chenye "hapana" tatu kinatoka nyumbani leo leo: kipewe anayekihitaji, kiuzwe, au kitupwe. Usikiweke mlangoni mpaka wiki ijayo, kitarudi ndani chenyewe. Kinachokutatiza kinakwenda kwenye lile kasha. Juu ya mfuniko andika tarehe ya siku tisini mbele, ulifunge kwa gundi ya karatasi, uliweke mahali usipopita kila siku.

Mambo mengine matatu ya kuzingatia. Usiguse vitu vya mwenzako wala vya watoto bila ridhaa yao. Kupunguza ni kwa vyako, na ugomvi ndani ya nyumba unakula umakini kuliko droo kumi. Vitu vya waliotangulia mbele ya haki viache mwisho kabisa, hata mwaka mzima, maana hapo hushiki kitu, unashika mtu. Na usinunue makasha na rafu za kupangia. Ukihitaji chombo kipya cha kuwekea vitu, basi vitu bado ni vingi.

Baada ya droo, nenda rafu moja, kisha mkoba, kisha kabati. Dakika ishirini kwa siku, si zaidi.

Mlango wa kuingilia nao una kazi yake. Mwandishi Mfaransa Denis Diderot aliandika mwaka 1769 kuhusu joho lake kuukuu alilolitupa baada ya kupata jipya la kifahari. Joho jipya likafanya kiti chake cha majani kionekane duni, akabadilisha kiti. Kiti kikaiumbua meza, ikabadilishwa nayo. Mwisho alijikuta chumbani asimozoea, akilililia joho la zamani, akikiri kwamba kwa lile kuukuu yeye ndiye aliyekuwa bwana, na hili jipya limemfanya mtumwa. Mwaka 1988 msomi Grant McCracken aliuita mnyororo huo wa manunuzi kwa jina la Diderot. Wahenga wetu waliufahamu kwa maneno machache: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo, ukitamani kitu kisicho cha lazima, kiandike nyuma ya daftari pamoja na tarehe. Subiri siku thelathini. Siku ikifika, kama bado unakitaka na kinaingia ndani ya kipimo ulichoandika, nunua kwa moyo mweupe. Vingi utashindwa hata kukumbuka ulivitakia nini.

Hatua ya nne: ahadi, simu, na yaliyobaki nusu

Kalenda ni droo pia. Orodhesha kila jambo ulilokubali kulifanya mwezi huu, kisha weka alama kwenye yale uliyoyakubali kwa aibu. Mawili kati ya hayo yaondoe kwa heshima. Kwa ombi jipya, jizoeze kujibu: "Nashukuru kwa kunikumbuka, ila safari hii sitaweza." Ishia hapo. Ukianza kueleza sababu, kila sababu itajadiliwa.

Simu: zima arifa zote isipokuwa za watu wanaoweza kukuhitaji kwa dharura. Iondoe chumba cha kulala, nunua saa ya kengele ya kawaida. Mitandao ya kijamii iangalie kwa saa uliyopanga, ukiwa umekaa, si katika kila mwanya wa siku. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza tangu mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake pale asipokuwa na kipimo kingine. Ndiyo sababu nyingine ya kuthamini ule ukurasa wa hatua ya pili. Ukiwa na kipimo chako mwenyewe, picha ya nyumba ya mwenzako inabaki kuwa picha ya nyumba.

Kisha yale mambo mawili matatu uliyoyapigia mstari wiki ya kwanza. Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyefanya majaribio yake Berlin, alionesha mwaka 1927 kwamba watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza. Lililobaki nusu linabisha hodi. Habari njema ilikuja mwaka 2011, pale wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walipoonesha kwamba si lazima jambo limalizike ili liache kubisha: kuliwekea mpango mahususi kunatosha kuituliza akili. Basi mbele ya kila jambo andika lini, wapi, na hatua ya kwanza ni ipi. "Jumanne saa mbili asubuhi, nikiwa mezani, nampigia kaka kuhusu deni." Sasa akili inajua kuna mtu ameshika zamu. Jambo lisilo na hatua yoyote unayoweza kuichukua, mathalani maneno aliyoyasema mtu miaka mitano iliyopita, andika mbele yake: "Halina la kufanya." Inaonekana kama mchezo wa watoto. Jaribu.

Hatua ya tano: kaa hapa

Ukifika hapa, huenda ni wiki ya tano au ya sita, na nyumba imepata hewa. Ndipo mazoezi ya kuwapo yanaposhika mizizi.

Anza na kazi moja ya mikono unayoifanya kila siku na usiyoipenda. Mimi nilichagua kuosha kikombe changu cha jioni. Kimoja tu. Nakifungulia maji, na sikio linasikia sauti ikipanda kadiri kikombe kinavyojaa, kuanzia mlio mzito wa chini mpaka mwembamba wa juu. Nilikuwa nimeosha vikombe maisha yangu yote bila kuisikia. Maji ya kwanza ya bomba ni baridi kuliko yanayofuata, au kinyume chake, kutegemea siku. Kidole gumba kinazunguka ukingo, kinapita pahala penye mkwaruzo mdogo karibu na mkono wa kikombe. Ndani kuna duara la rangi ya kahawia, linatoka kwa kusuguliwa mara tatu. Kikombe kilichojaa maji kina uzito, kikimwagwa mkono unapanda wenyewe. Basi, nakifunika kwenye kitambaa. Dakika moja na nusu, na katika muda huo akili hutoroka mara nne au tano hivi. Kila ikitoroka naileta kwenye kidole gumba.

Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe. Watu wengi huacha kwa kudhani wameshindwa kwa sababu akili imezurura. Akili kazi yake ni kuzurura. Unajenga msuli wa kurudi, na msuli hauwezi kukua kama hakuna cha kurudisha.

Kwa wiki moja fanya kazi hiyo moja tu. Wiki inayofuata ongeza kukaa dakika tano, kisha kumi. Kaa kwenye kiti, nyayo chini, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Macho yaweza kufumbwa au kutazama sakafu. Vuta pumzi kwa kuhesabu mpaka nne, itoe taratibu mpaka sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kuna sababu ya kimwili: moyo huenda kasi kidogo unapovuta hewa na hupunguza mwendo unapoitoa. Baada ya mizunguko kama kumi, acha kuhesabu, acha pumzi ijiendee, nawe uifuate puani au tumboni. Ukiwashwa pua, subiri kidogo uone muwasho wenyewe unavyopanda na kushuka kabla hujakuna. Ukisinzia, fumbua macho. Ukichoka kabisa, kalale, usingizi ni haki ya mwili.

Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya aina hii mwaka 1979 katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa ajili ya wagonjwa ambao maumivu yao hayakuwa yakiisha kwa dawa. Kozi yake ni ya wiki nane, na nadhani urefu huo ni wa haki. Wiki mbili za kwanza huwa kavu. Usizitumie kuamua.

Kuna wanaozidiwa wakikaa kimya, hasa waliopitia ukatili, vita au msiba mzito. Kumbukumbu huja kwa nguvu. Ukiwa miongoni mwao, usikaze. Acha macho wazi, tembea polepole badala ya kukaa, au baki kwenye kikombe tu, na ufanye hayo mengine ukiwa na mtaalamu. Na kama huzuni imekukalia zaidi ya wiki mbili, hulali, huna hamu ya kitu, au unawaza kujidhuru, mwongozo huu uweke pembeni na uende hospitali leo. Hilo ni ugonjwa na lina tiba.

Hatua ya sita: siku ya kupungukiwa

Mwanafalsafa Seneka alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma ya kale. Alimshauri rafiki yake atenge siku chache za kuishi kwa chakula duni na nguo za kukwaruza, kisha ajiulize: hivi hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa? Chagua siku moja kwa mwezi. Kula cha kawaida kabisa, tembea pale unapopandaga gari kama umbali unaruhusu, usinunue chochote, zima intaneti. Mgonjwa na mjamzito wasicheze na chakula, wapunguze vingine. Kesho yake utagundua mambo mawili: woga wa kukosa umepungua, na godoro lako ni zuri kuliko ulivyodhani.

Hatua ya saba: "si haba"

Mara moja kwa wiki, andika mpaka vitu vitano unavyovishukuru. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 majaribio yao: katika moja wapo, watu waliofanya hivyo kila wiki kwa wiki kumi walijisikia vizuri zaidi kuhusu maisha yao kuliko waliokuwa wakiorodhesha kero. Siri iko kwenye udogo wa jambo. "Nashukuru kwa familia" utaandika mara tatu na utachoka. "Mtoto alinisubiri mlangoni akiwa na kiatu kimoja" hutachoka, kwa sababu wiki ijayo itakuwa kitu kingine. Nafsi ikidai kwamba hilo ni dogo mno, jibu kwa Kiswahili: si haba.

Mara nyingine utateleza. Utanunua usichokihitaji, utakubali usichokitaka, utapitisha wiki tatu bila kukaa. Rudi kwenye droo moja na kikombe kimoja, palepale ulipoanzia. Usianze upya na nyumba nzima kwa hasira.

Siku ya tisini

Tarehe iliyoandikwa kwenye kasha ikifika, usilifungue kwanza. Kaa nalo mbele yako na uandike kwenye daftari, kwa kumbukumbu tu, kila kitu unachodhani kimo ndani. Ulichokiandika, kitoe kasha likifunguliwa na ukipangie mahali. Usichokikumbuka kinatoka nyumbani siku hiyohiyo, kifikie mikono mingine.

Katika kasha langu niliweka vitu thelathini na vinne, nilivihesabu wakati wa kufunga. Nilikumbuka sita. Funguo zile nne zilikuwa mojawapo, nikazitoa na kuzijaribu kwa mara ya mwisho kwenye kila kufuli iliyobaki nyumbani, kisha nikazipeleka kwa fundi anayekusanya vyuma. Saa ya mkono sikuwa nimeikumbuka kabisa. Nilipoishika ili niiweke kwenye mfuko wa vya kutoa, ikatikisika, na mshale wa sekunde ukaanza kutembea.